Vijiti Vitatu vya Udi

Sura ya Tisa

Lango la Kijiji cha Paa Jema lilifungwa mara tu gari lilipopita, na Kapteni Thoa akasikia komeo la chuma likiingia mahali pake. Aligeuka kutazama. Mlinzi, aliyevaa koti la mvua lenye nembo ya Kampuni mgongoni, alimpungia mkono kwa adabu zote kisha akarudi kibandani kwake.

"Mnafunga hata mchana?" aliuliza Thoa.

"Ni kwa usalama wa watoto, afande," alijibu Bwana Toàn kutoka kiti cha mbele. "Malori ya mawe yanapita hapo kama yana wazimu."

Malori yalikuwa ya Kampuni. Gari walilopanda lilikuwa la Kampuni. Hata kivuko kilichowavusha mto kilikuwa cha Kampuni, maana daraja la serikali lilisombwa na mafuriko ya mwaka jana na mpaka leo serikali ilikuwa bado inalifikiria. Thoa hakupenda hata kidogo kubebwa na watu ambao yeye ndiye aliyekuja kuwachunguza. Lakini njia nyingine ya kufika huku Khe Mây ilikuwa kuogelea, na msaidizi wake, Sajini Lực, hakujua kuogelea.

Toàn ndiye aliyesimamia Mfuko wa Paa Jema, yaani mkono wa Kampuni unaotoa sadaka. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye sauti ya upole na shati lililopigwa pasi. Alijua kila mtoto wa kijiji kile anavaa kiatu namba ngapi, na njiani alikuwa amelisema hilo mara mbili.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwaka mmoja uliopita, tarehe kama ya leo, kilima kiliporomokea kambi ya wachimba mawe wa Kampuni. Walikuwamo watu kumi na mmoja. Maiti kumi zilifukuliwa. Ya kumi na moja, ya karani wa kambi aitwaye Vịnh, haikuonekana hata kiatu. Msimamizi wa kambi, mzee Khoát, alisalimika kwa sababu usiku ule alikuwa ameshuka kwa miguu kwenda kuomba gari la kuwahamisha watu. Mwendesha mashtaka alisema mzee alikimbia akawaacha wafe. Alikuwa mahabusu tangu siku hiyo, na hukumu ilikuwa Alhamisi. Leo ilikuwa Jumatatu.

Khoát alikuwa na neno moja tu la kujitetea. Jioni ile, alisema, walipiga simu ofisini kuomba watu washushwe, na mtu fulani akakataa. Mtu gani? Hapo ndipo mzee alipokwama. Simu ilikuwa sikioni kwa Vịnh, yeye alikuwa ameshika mwavuli. Orodha ya kampuni ya simu ilionyesha kweli kwamba simu iliingia ofisini na kudumu dakika nne. Ofisini kila mtu aliapa hakuipokea. Thoa alikuwa amewahoji watu ishirini na watatu, na wote walikuwa na maneno yaleyale, kama watoto waliokaririshwa shairi. Kwa hiyo alikuwa anakuja kwa mjane wa Vịnh kutafuta chochote: daftari la karani, ujumbe wa simu, neno aliloambiwa mkewe usiku ule. Alikuwa anakwangua chungu kitupu, na alijua.

Nyumba kumi na moja zilisimama safu mbili, pacha zote: ukuta wa njano, mabati mekundu, na kibao cha shaba mlangoni chenye jina la Kampuni kwa herufi kubwa na la marehemu kwa herufi ndogo. Nyumba ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya Nhài, mke wa Vịnh. Mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na ushei, alitoka kuwapokea akiwa ameshika mwavuli wa Kampuni. Nyuma yake alisimama mkwewe, Bibi Mận, akitafuna tambuu. Binti wa miaka sita, Bống, alikuwa amekaa kizingitini bila kucheza. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau.

"Moyo," alinong'ona Toàn. "Una tundu tangu kuzaliwa. Tunampeleka hospitali ya Huế tarehe kumi na mbili mwezi ujao, kupasuliwa. Gharama zote juu ya Mfuko."

"Shikamoo, bibi," Thoa alimwamkia mwenye umri.

"Marahaba. Umekuja siku ya chakula cha kumbukumbu, una bahati," alisema Bibi Mận. "Ingieni, mvua haina adabu."

Ndani, meza ya wahenga ilikuwa imepangwa barabara. Kuku wa kuchemsha aliinua shingo kwenye sinia, wali wa kunata ulifuka moshi, vikombe vitatu vya pombe ya mchele vilikuwa tayari, pamoja na bakuli moja na vijiti vya kulia vya marehemu. Kulikuwa na picha mbili. Kushoto alikuwa babu mwenye ndevu, na kulia Vịnh, kijana aliyekunja uso kama anayedaiwa maelezo. Mbele ya kila picha palikuwa na bakuli la majivu la kusimamishia udi.

Mpiga picha, mtu wa mjini aliyekodiwa kwa siku, alikuwa tayari ameshachagua kona yenye mwanga.

Toàn alifungua boksi la mbao akatoa udi alioleta mwenyewe. Ulikuwa udi halisi wa msituni, vijiti virefu kama mkono kutoka kiwiko, na miguu yake ilipakwa rangi ya zambarau. Watu wa Khe Mây hutumia vya miguu myekundu, vya dukani. Toàn aliwasha vitatu, akamkabidhi Thoa kwa mikono miwili.

"Mgeni wa heshima atangulie."

Hakuna mtu anayeingia kwenye kumbukumbu ya marehemu akakataa udi. Hata adui hakatai. Thoa alivipokea, akainama mara tatu mbele ya picha ya Vịnh, na mwanga wa kamera ukampiga usoni mara tatu. Akavisimamisha katika bakuli la kulia. Majivu yalikuwa laini, vikazama bila kukwaruza.

"Asante, afande," alisema Toàn. "Familia imefarijika."

Thoa alimtazama Nhài aone hiyo faraja. Nhài alikuwa anakitazama kile kijiti cha katikati, uso umemkauka.

*

Thoa alimhoji Nhài jikoni, kwenye kibanda cha nje, huku mvua ikipiga bati juu yao.

"Mdogo wangu, mumeo alikupigia usiku ule?"

"Hapana."

"Daftari lake?"

"Lilikuwa mfukoni mwa shati. Halikuwahi kutoka mfukoni."

"Alikuwa na tabia ya kukusimulia mambo ya kazini?"

"Alisimulia mpira." Nhài alikuwa anachambua mboga ambayo ilikwisha kuchambuliwa. "Afande, nimeshaandika maelezo mara mbili. Yaandike hayohayo."

"Nimeyasoma. Yote mawili yanalingana mpaka nukta."

"Si ndiyo vizuri?"

"Kwa mtu mwenye msiba? Sijapata kuona."

Nhài alirudia mboga yake. Thoa alimgeukia bibi, aliyekuwa kwenye kigoda akikunja jani jingine la tambuu.

"Bibi, mvua ile ilikuwa tarehe kumi na tatu ya mwezi mwandamo. Mwaka huu siku hiyo imeshapita, siku kumi sasa. Mbona mnamkumbuka leo?"

"Mfuko wanatumia kalenda ya ofisini," alijibu Bibi Mận. "Wanakuja tarehe wanayokuja. Nigombane nao?"

"Uligombana na mkuu wa wilaya kwa sababu ya bata watatu. Habari hizo zimefika mkoani."

Bibi alicheka, meno yote mekundu. "Wale bata walikuwa wangu!"

Na mwana je, hakuwa wake? Thoa hakulisema. Mwanamke aliyemburuza mkuu wa wilaya kwa ajili ya bata alikuwa ameacha mwanawe wa pekee afanyiwe kumbukumbu siku isiyo yake, na wala hakununa. Jambo hilo lilimkera Thoa kama punje ya mchanga kwenye wali.

Toàn alichungulia mlangoni. "Bibi huyu, afande, namheshimu, lakini ana kichwa kigumu! Mwili haukuonekana, tukasema basi tumjengee kaburi la upepo, jiwe jeusi, bure kabisa. Amekataa mara nne."

"Sina haja na jiwe," alisema bibi.

"Kila mama anataka pa kumlilia mwanawe, mama."

"Mimi nalia popote."

Toàn alicheka kwa upole, akaenda zake kugawa mabegi ya shule kwa watoto wa jirani.

*

Chakula cha marehemu hakiguswi mpaka udi wake uishe. Sajini Lực, ambaye hakuwa amekula tangu alfajiri, alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya meza, macho yamemganda. Thoa aliporudi sebuleni alimkuta amekunja uso.

"Afande," alinong'ona, "mimi na njaa yangu naomba niseme kitu. Usinicheke."

"Sema."

"Vile vijiti ulivyosimamisha. Nilikuwa navikodolea macho, nahesabu lini tutakula. Nimetoka mara moja tu, kwenda kumsaidia mpiga picha kushika mwavuli. Nimerudi, vimehama."

"Vimehama vipi?"

"Vilikuwa kulia. Angalia sasa."

Thoa aliangalia. Vijiti vitatu virefu vyenye miguu ya zambarau vilikuwa vinafuka mbele ya babu mwenye ndevu. Mbele ya Vịnh kulikuwa na vijiti vitatu vyekundu vilivyokwisha kuungua nusu na kuzimika.

Alisogea mezani. Bakuli la babu lilikuwa limefurika majivu ya kijivu, na rangi nyekundu ya meza mbele yake ilikuwa imebabuka madoadoa pale makaa ya udi yalipodondokea. Bakuli la Vịnh lilijaa vishina vya udi, vingi vya kutosha mwaka mzima wa huzuni. Ila chini yake majivu yalikuwa meupe, ya majani ya mpunga, safi kama siku yalipotiwa. Na meza mbele yake haikuwa na doa hata moja.

Vishina vilikuwa vimeungulia kwa babu, vikahamishiwa hapa.

"Lực," alisema polepole, "mama yako yuko hai?"

"Yuko, namshukuru Mungu."

"Ungeweza kumwashia udi mbele ya picha yake?"

Lực aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Afande! Unataka nimuue mama yangu?"

"Ndivyo nilivyodhani utasema."

Kaburi limekataliwa mara nne. Siku ya kumbukumbu haijaliwi na mtu. Udi unawashwa mbele ya kamera na kuondolewa kamera ikigeuka. Wanawake hawa walikubali kila kitu walichotakiwa na Kampuni, kibao, picha, mwavuli, ila vitu viwili tu: kumzika Vịnh na kumfukizia. Na kwa watu wa huku sababu ya hayo ni moja.

Thoa alitupia jicho mlangoni. "Toka nje," alimwambia Lực. "Mshike Bwana Toàn kwa maneno. Muulize habari za viatu vya watoto."

"Na kuku?"

"Lực."

"Naenda."

*

Thoa alizunguka nyuma ya nyumba kwenye mvua, akijifanya ananawa mikono. Ukuta wa nyuma ulikuwa na madirisha mawili madogo ya buluu, kama nyumba nyingine zote kumi. La kulia lilikuwa limepigiliwa nailoni kwa ndani. Akaingia chumbani. Ndani lilikuwapo dirisha moja tu. Mahali pa la pili palisimama ukuta wa mbao uliobandikwa kurasa za kalenda, na mbele yake kabati la nguo lenye nembo ya Mfuko.

Aligonga mara mbili kwa kidole.

"Ndugu Vịnh. Naitwa Thoa, wa polisi mkoa. Niko peke yangu."

Mvua ilipiga bati. Kisha sauti ya Nhài nyuma yake.

"Afande, hapo hapana kitu. Ni stoo."

"Stoo haina mlango?"

"Tafadhali, dada." Nhài alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. "Tafadhali, nakuomba kwa jina la mama yako. Ukimtoa huyo, umemuua mtoto."

Bibi Mận alimpita mkwewe, akaja kusimama mbele ya kabati. Kichwa chake kilikipita kidogo tu kitasa cha mlango wake.

"Bibi," alisema Thoa, "kwa nini ulivihamisha?"

"Ulitaka nimtazame mwanangu anafukiziwa akiwa anapumua?" Sauti ilimtetemeka kwa hasira. "Nimekula sadaka yao mwaka mzima. Nimechekea kamera. Lakini hilo, hapana."

"Mama, basi," ilisema sauti ya mwanamume kutoka ndani ya ukuta.

Nhài aliketi sakafuni palepale. Thoa aliweka kiganja kwenye mbao. Upande wa pili, kiasi cha hatua moja, mtu alikuwa anakohoa.

"Ulitokaje?"

"Nilipanda kwenye jiwe kutafuta mtandao, nipige tena. Kilima kikapita chini yangu." Alikohoa tena. "Nikatembea mpaka kukapambazuka. Gari la kwanza kukutana nalo lilikuwa la Bwana Toàn, limejaa mablanketi. Akanifunika moja kichwa mpaka miguu. Nikadhani ananiona nina baridi."

"Nani alipokea simu jioni ile?"

"Yeye."

"Alisema nini? Neno kwa neno."

"Alisema, 'Saa mbili asubuhi naleta wageni na wapiga picha, tunagawa mablanketi kambini. Ukiwashusha watu, nani atapokea?' Nikamwambia maji yanatoka kwenye ufa wa kilima. Akasema, 'Watavumilia usiku mmoja, blanketi ni zuri.'"

Watu kumi walikuwa wamekufa wakisubiri kupigwa picha na zawadi.

"Na kukufanya marehemu?"

"Lilikuwa wazo lake. Nyumba, na moyo wa Bống. Mimi nikae kimya, nikae ndani. Wageni wakija, naingia humu. Nimekaa humu siku tatu nzima mabalozi wa nchi za nje walipokuja."

"Mzee Khoát anahukumiwa Alhamisi."

"Najua."

"Anaomba miaka yake isizidi kumi, kwa sababu ana sitini na nne. Unajua na hilo?"

Thoa hakuwa amepanga kusema lililofuata. Lilimtoka tu.

"Tarehe kumi na tatu ya mwezi mwandamo, siku yenyewe hasa, nilikuwa gerezani kumhoji. Alikuwa amejaza mchanga kwenye kifuniko cha chupa, akasimamisha sigara, askari akampa moto. Hawaruhusiwi udi. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema wale kumi wana watu wa kuwafukizia, ila Vịnh hakupata hata kaburi. Duniani kote, ndugu yangu, anayekufukizia kwa moyo mmoja ni yeye peke yake. Na wewe umekaa ndani ya ukuta."

"Unafikiri sijui?" sauti ilipanda. "Unafikiri nalala? Nina mtoto mmoja!"

"Tarehe kumi na mbili," alisema Nhài kutoka sakafuni. "Zimebaki wiki tatu tu, dada. Baada ya hapo mchukueni, mfungeni, lakini baada ya hapo."

Thoa alichuchumaa mbele yake. "Mara ya kwanza walikwambia lini?"

"Machi."

"Ikawaje?"

"Daktari hakuja. Wakasema Julai."

"Na Julai?"

"Karatasi hazikutimia."

"Sasa wanasema baada ya hukumu. Na mzee akikata rufaa? Rufaa ni miezi sita." Alisema taratibu, akihakikisha anasikika mpaka ndani ya mbao. "Siku Bống atakapopona, mumeo hatakuwa na sababu ya kukaa humu. Toàn anajua. Huo moyo ndio kufuli lake. Kwa nini alifungue?"

Nhài alimtazama. Alionekana kama mtu aliyekuwa analijua jambo hilo tangu Julai, akakosa wa kumwambia.

"Basi wewe utampeleka Huế?" aliuliza. "Ahidi."

Thoa alitamani sana kusema ndiyo. "Siwezi kuahidi, mdogo wangu. Nitahangaika, lakini ahadi sina."

"Hapo sasa angalau kuna mtu anasema kweli," alisema Bibi Mận.

"Na kweli nyingine," ilisema sauti ya upole mlangoni, "ni kwamba picha zimetoka vizuri sana."

*

Toàn alikuwa amesimama na mwavuli uliokunjwa, maji yakidondoka kwenye sakafu. Nyuma yake Lực alikuwa anatoa ishara za kuomba radhi.

"Moja hasa," aliendelea Toàn. "Umeinama, afande, vijiti mkononi, picha ya marehemu inaonekana wazi. Wakili wetu ataipenda. Mpelelezi wa serikali anamfukizia udi Vịnh siku ya Jumatatu, Alhamisi anakwenda kusema Vịnh ni mzima. Wakubwa wako watakuuliza, ulikuwa unamwinamia nani?"

"Naweza kuvunja ukuta huu sasa hivi."

"Kwa hati gani? Umekuja kama mgeni wa msiba, kwa gari langu. Rudi kesho na hati yako, kama kivuko kitakuwa kizima. Utakuta kabati na nguo." Alimgeukia Nhài, na sauti ikazidi kuwa laini. "Dada Nhài, futa machozi. Tuna picha ya mwisho na Bống. Wafadhili wanaisubiri."

Alikuwa amefunga kila upande, na Thoa alijua. Hati ingechukua siku mbili. Simu hapa haikushika mtandao. Lango lilikuwa na komeo. Na yeye mwenyewe ndiye aliyeinama mara tatu mbele ya kamera, kwa adabu aliyofundishwa na mama yake.

"Twende tukapige," alisema Bibi Mận ghafla, akaenda kuitoa picha ya mwanawe mezani, kama wafanyavyo wafiwa, aipakate.

Walipangwa sebuleni. Bibi alikaa katikati na picha mapajani. Nhài alisimama upande mmoja na Toàn mwingine. Bống alipewa moyo wa karatasi ngumu wenye nembo ya Kampuni, mkubwa kuliko kifua chake, aubebe kwa mikono miwili. Thoa naye alivutwa mstari wa nyuma. Hakuwa na nguvu ya kubisha.

"Tabasamu kidogo, siyo sana," alisema mpiga picha, jicho moja limefungwa. "Mtoto, inua moyo. Afande, sogea kushoto. Na wewe wa nyuma, shati la kijivu, unazibwa. Njoo kulia. Hapo hapo. Inua kidevu."

Alitazama tena ndani ya kamera. Akaishusha, akaitazama picha iliyokuwa mapajani mwa bibi, akamtazama mtu wa shati la kijivu, akarudi kwenye picha.

Vịnh alikuwa ametoka nyuma ya kabati, bila viatu. Alikuwa mweupe kama mtu aliyeugua muda mrefu, nywele zake zimekatwa vibaya na mkono wa mke. Hakuna aliyepiga kelele. Bống tu aligeuka, akasema, "Baba, si wageni bado wapo?"

"Usipige," alisema Toàn.

"Piga, kaka," alisema Vịnh. "Piga hata mbili."

Mtu wa mjini hakuwa na habari za Kampuni wala za Khoát. Alikuwa ameambiwa apige picha siku nzima. Mwanga uliwaka, ukawaka tena, na Lực akawa ameshasimama kando yake, mkono kwenye mkanda wa kamera.

"Hii ni kielelezo cha polisi," alisema Lực. "Na hapa haihitajiki hati, ametualika mwenyewe mwenye nyumba. Si ndiyo, bwana?"

"Ndiyo," alisema Vịnh. "Jina langu ni Vịnh. Nilikuwa karani wa kambi. Nitakwenda Alhamisi."

Toàn hakubishana. Alikwenda mpaka kwa Bống, akainama, na kwa upole uleule akautoa moyo wa karatasi mikononi mwake, kidole kimoja baada ya kingine. Akaukunja, akaubana kwapani. Nhài aliona, kila mtu aliona, na alijiuma mkono ili asipige ukelele.

"Mlinzi hatafungua lango mpaka nimwambie," Toàn alisema, akatoka.

"Lực, nenda kamfungulishe," alisema Thoa. "Ukishindwa kwa maneno, una bunduki begani."

Bibi Mận aliigeuza picha kifudifudi mezani. Alichukua bakuli la majivu meupe, akalitoa nje, akalimwaga kwenye mvua. Aliporudi alipangusa mikono kwenye suruali, akavuta bakuli la wali na vijiti vya kulia vilivyowekwa kwa ajili ya marehemu, akavisogeza ukingoni mwa mkeka.

"Chakula chako kimepoa," alimwambia mwanawe. "Kula upesi, safari ni ndefu."

Vịnh aliketi. Bống alikuja akamkalia pajani, akipumua kwa shida, na baba yake akakata paja la kuku, akampa yeye kwanza.